Mgonjwa wa akili: tuanzie wapi, na tulipe namna gani?



Katika familia zetu, yule aliyemaliza masomo ndiye anapigiwa simu mtu akianza kuchanganyikiwa. Wanamuuliza mambo mawili: tumpeleke wapi, na makuta itatoka wapi? Tujibu yote mawili.

Hapa Bukavu wengi wanafikiria SOSAME moja kwa moja, lopitali ya magonjwa ya akili ya Mafurere wa Charité. Goma kuna Tulizo Letu. Lakini mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha mtaa. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuanza kutibu kifafa, huzuni kubwa ao kuchanganyikiwa. Akishindwa, anaandika karatasi ya kumtuma mgonjwa lopitali ya zone. Muitunze, juu kuna lopitali zinazotoza zaidi mtu anayekuja bila karatasi. Hamujui kituo gani kina muuguzi kama huyo? Muulize RECO wa avenyu yenu ao biro ya zone ya afya.

Ila mtu akitaka kujiua, kuua wengine, ao akikataa kula kabisa, musingoje karatasi. Mumpeleke lopitali siku ile ile, na asiachwe peke yake.

Sasa malipo. Mbele ya kuanza, muulize:
1. Fishi ni bei gani, na inatumika muda gani?
2. Dawa ziko ndani ya bei, ao tunanunua pembeni?
3. Dawa za kila mwezi zitakuwa ngapi?
4. Kama zinatolewa bure na mradi, mradi unaisha lini?

Swali la tatu ndilo wengi wanasahau. Hii haiko malaria ya siku tatu. Dawa ya kifafa inamezwa kila siku kwa miaka. Aliyechanganyikiwa, hata akipata nafuu, mara nyingi anaendelea na dawa mwaka mzima ao zaidi. Kukata fenobarbitali kwa ghafula kunaweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Kuna familia zinauza parsele kwa kulipa kulazwa, halafu mwezi wa tatu wanakosa franga za vidonge. Ugonjwa unarudi, na parsele haipo tena.

Bure ya uzazi ambayo serikali ilianzisha 2023 inahusu wamama wanaojifungua na watoto wachanga. Musiende nayo mukifikiri italipia akili. Mituweli ya afya inaweza kusaidia, lakini muulize kama inalipia magonjwa ya akili na dawa za muda mrefu. Tena kwa kawaida kuna miezi ya kungoja kisha kujiandikisha, basi muingie wakati wote nyumbani wako wazima.

Asiye na mituweli aongee na kikundi chake cha AVEC juu ya mfuko wa kusaidiana, na aweke makuta ya dawa pembeni kila mwezi kama ya nyumba. Fakiri ikishaanza kupanda lopitalini, mumuone asistani sosiali mapema, musingoje siku ya kutoka.

Maombi hayakatazwi, lakini mgonjwa asali huku anameza dawa, na asifungwe kamba.

Wenye kujua kituo chenye muuguzi wa akili katika zone yao, Uvira, Butembo ao Kalemie, wajulishe chama. Jina moja la kituo linaweza kuokoa parsele ya mtu, hata maisha yake.