Je, Wajua? Ruta Nazo Hubishana Njia

Je, wajua kuwa kebo ikikatika, intaneti huweza kulala ilhali njia ya kuzunguka ipo? Ruta, zile mashine zinazoelekeza pakiti za data, huwa bado hazijafikia muafaka wa njia ipi ifuatwe.

Je, wajua kuwa katika itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, hesabu huishia 16? Ruta hapo huishi kwa kusikia ya jirani. Njia ikifa, ruta A husema, "Napitia kwa B," kumbe ruta B naye alikuwa akipitia kwa A! Basi huongezeana hatua moja moja hadi kufika 16, idadi yenye maana ya "hakufikiki". Umbea mtupu.

Itifaki nyingine, OSPF, ilikataa umbea. Kila ruta ina ramani nzima, na hujitafutia njia fupi kwa mbinu aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, ameketi na mchumba wake mkahawani Amsterdam, bila kalamu, kwa dakika 20 hivi. Lakini ramani itakufaa nini kama hujapata habari kwamba daraja limevunjika? Kwa mipangilio ya kawaida ruta husalimiana kila sekunde 10, na jirani aliyenyamaza huhesabiwa amekufa baada ya sekunde 40. Ndiyo maana wahandisi huongeza BFD, ambayo kazi yake ni kupiga hodi tu. Ikipiga kila milisekunde 50 na kukosa jibu mara tatu, msiba umejulikana kwa milisekunde 150.

Je, wajua kuwa BGP, inayounganisha mitandao ya dunia nzima, ilichorwa mwaka 1989 juu ya leso za karatasi za mezani? Wachoraji ni Kirk Lougheed na Yakov Rekhter. Mwaka 2000, Craig Labovitz na wenzake walipima wakakuta ruta za BGP huchukua dakika kadhaa kutulia baada ya hitilafu, wakati mwingine hadi 15.

Na je, wajua kuwa dawa iligeuka ugonjwa? Mwaka 1998 ilitolewa kanuni ya kuiadhibu njia inayokufa na kufufuka kila mara. Mwaka 2002 watafiti wakaonyesha kwamba njia ikipotea mara moja tu na kurejea, ruta hujaribu mbadala huu na ule, na majirani wakadhani ni kigeugeu. Njia isiyo na hatia ikafungiwa hata saa nzima!

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, 27 Oktoba 1980. Ubovu wa kumbukumbu ya mashine moja ulizaa nakala tatu za taarifa ileile, zenye namba za mfuatano 8, 40 na 44. Kwa kuwa namba hizo zilizunguka na kuanza upya, 44 ilikuwa mpya kuliko 40, 40 kuliko 8, na 8 kuliko 44. Kila mashine ikazipokea zote kama habari motomoto na kuzisambaza tena na tena. Mtandao mzima ukazimia kwa saa kadhaa.