Sakafu ya mbao: jinsi ya kuunganisha mpya na ya zamani

Wiki hii tumepokea ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji wetu wa vijiji vya milimani, Lushoto. Aliandika hivi: "Tunaongeza chumba cha mama kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Sebule ina sakafu ya mbao za zamani, rangi ya kahawia iliyokolea. Fundi ameleta mbao mpya, nyeupe kama muhogo uliomenywa. Mama anasema nyumba ya baba itaonekana ina kiraka. Je, tupake rangi au tumrudishie fundi mbao zake?"

Tulilizungumza swali hili hewani, lakini muda wa redio ni mfupi. Wengi mmeomba maelezo ya kusoma taratibu, na haya hapa. Yatamfaa mwenye nyumba ya zamani ya mbao chini, awe anaongeza chumba au anabadilisha mbao chache zilizoliwa na mchwa.

Jibu kwa ufupi ni hili: rangi ni jambo la mwisho. Anza na aina ya mbao, ukavu wake, unene wake na hewa inayopita chini ya sakafu. Ukikosea hayo manne, hakuna rangi itakayokuokoa.

Ijue kwanza mbao uliyonayo

Sakafu ya miaka 40 haioneshi rangi yake ya kweli. Imekunywa nta, vanishi, moshi na jua. Tafuta sehemu iliyofichika, kama chini ya kabati, kisha uikwangue kwa msasa eneo la ukubwa wa kiganja. Rangi utakayoiona hapo ndiyo ya kulinganisha na mbao mpya.

Nusa pia unga unaotoka. Milima ya Usambara ina nyumba za zamani zilizowekwa mbao za mkulo, na mkulo hunukia kafuri hata baada ya miaka mingi. Kama huna uhakika, chukua kipande kidogo umpelekee seremala mzee. Akikipiga randa mara moja, akakipima uzito mkononi na kukinusa, mara nyingi atakutajia jina.

Kumbuka kwamba mbao hubadilika rangi zikikaa kwenye mwanga. Mvule ukipasuliwa leo huwa wa manjano, na baada ya miezi huwa kahawia. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, huanza na michirizi yenye ukijani kisha hugeuka kahawia ya dhahabu. Mkulo nao hukolea. Kwa hiyo mbao mpya isiyofanana na ya zamani leo inaweza kuikaribia baadaye, mradi iwe ya aina ileile.

Ukitaka kujua itakuwaje, chukua kipande cha mbao mpya, funika nusu yake kwa kadibodi, kiache juani wiki mbili. Ukifunua utaona rangi mbili. Nusu iliyopigwa na jua inakuonesha sakafu yako inakoelekea.

Mbao za misitu ya asili kama mkulo si rahisi kupata kihalali siku hizi, kwa kuwa misitu mingi ya Usambara imehifadhiwa. Njia ya kwanza ni kutafuta mbao zilizotoka kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa. Njia ya pili ni mbao ngumu za kupandwa. Mkoa wa Tanga una shamba la serikali la mtiki pale Longuza, Muheza. Ukinunua mbao popote, dai risiti na uhakikishe muuzaji ana kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS. Mbao za bei ya chini zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani, nawe ukabaki bila mbao na bila fedha.

Mbao mbichi itakuumbua

Hapa ndipo sakafu nyingi zinaharibika. Mbao iliyotoka kupasuliwa ina maji mengi ndani. Ikikauka hunywea, na hunywea upande wa upana, si wa urefu. Ubao wa upana wa sentimita 15 uliopigiliwa kabla ya kukauka vizuri unaweza kupungua milimita 2 hadi 4. Chukua chumba chenye mbao 20: nyufa zote zikijumlishwa zinafika sentimita 4 hadi 8. Hapo ndipo utakapoona sarafu na punje za mchele zinazama chini ya nyumba.

Mafundi wakubwa wana kifaa cha kupima unyevu. Wewe tumia mzani. Kata kipande cha mbao, kisha kipime kwenye mzani mzuri unaoonesha gramu. Andika uzito, kiweke kipande pamoja na mbao nyingine, na ukipime tena kila wiki. Tuseme leo kina gramu 900, wiki ijayo 840, inayofuata 800. Mbao hiyo bado inatoa maji. Uzito ukisimama palepale wiki tatu mfululizo, mbao imekauka kwa hali ya hewa ya mahali hapo.

Wakati wa kukausha, zipange mbao kivulini penye upepo, juu ya matofali na si chini kwenye udongo. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene wa sentimita 2 hivi, vyote vimesimama kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ili mbao zisipinde. Weka uzito juu. Zikishakauka, ziingize kwenye chumba zitakapolala na uziache humo wiki mbili kabla ya kupigilia, zizoee hewa ya humo.

Usawa: hapa ndipo mzee huanguka

Msikilizaji wetu alitueleza kwamba mama anatembea kwa mkongojo. Basi hili la usawa ni kubwa kuliko rangi. Mtu mzima akiona ngazi huinua mguu. Tofauti ya nusu sentimita haionekani, na ndiyo inayomwangusha.

Ubao unaouzwa kama wa inchi moja ukishapigwa randa hubaki milimita 20 hadi 22 hivi. Sakafu ya zamani inaweza kuwa nene zaidi pembeni na nyembamba katikati kwa kukanyagwa. Pima unene wa zamani sehemu tatu: karibu na ukuta, katikati ya chumba, na mlangoni ambapo vyumba vitakutana. Kipimo cha mlangoni ndicho cha kufuata.

Fundi apange boriti za chumba kipya kwa kupima kutoka juu kwenda chini. Aanze na uso wa sakafu ya zamani mlangoni, atoe unene wa ubao mpya, hapo ndipo uso wa boriti unapotakiwa kuwa. Boriti ikiwa chini kidogo, ataweka vipande vyembamba vya mbao juu yake. Ikiwa juu, atairanda. Akipigilia kwanza na kupima baadaye, atakuwa amechelewa.

Usizibe pumzi ya nyumba

Jambo hili mafundi wengi hulisahau. Nyumba yenye sakafu ya mbao huwa na uwazi chini yake, na kwenye msingi kuna matundu ya hewa. Hewa inaingia upande huu na kutokea upande ule, ikiondoa unyevu.

Ukijenga chumba kipya kuegemea ukuta huo, unaziba matundu ya upande mmoja. Hewa chini ya sebule inasimama. Boriti zinaanza kuoza, mchwa wanakuja, na baada ya miaka michache sakafu ya zamani iliyokuwa nzima ndiyo inayobonyea. Watu husema mbao zimezeeka, kumbe zimekosa hewa.

Kama chumba kipya nacho ni cha mbao chini, acha matundu ya ukuta wa zamani wazi, kisha weka mengine kwenye msingi mpya upande wa nje, yakiwa na wavu wa kuzuia panya. Kama chumba kipya kitamwagwa zege, pitisha mabomba chini ya zege kutoka matundu ya zamani hadi nje. Ni gharama ndogo kuliko kung'oa sebule nzima.

Sasa tuje kwenye rangi

Kwanza, jicho hukamata mstari ulionyooka kuliko tofauti ya rangi. Ukibadilisha mbao chache katikati ya chumba, usikate zote kwenye mstari mmoja. Pishanisha maungio, huu mrefu, huu mfupi, ili mpya ziingie kati ya za zamani.

Pili, ng'oa mbao za zamani kutoka mahali palipofichika, kama stoo au chini ya kitanda, uzitumie kuziba sebuleni. Zile mpya ziende mafichoni. Hakuna dawa ya rangi inayoishinda njia hii, na haikugharimu kitu zaidi ya nguvu.

Tatu, vyumba viwili vikikutana mlangoni, weka kizingiti cha ubao mmoja uliolala kukatisha mlango, usawa mmoja na sakafu zote mbili. Jicho likikuta mpaka huo linakubali kwamba huku ni chumba kingine.

Nne, kama bado unataka kupaka dawa ya kukoleza rangi, jaribu kwanza kwenye vipande vitatu vya mbao hiyohiyo, umevipiga msasa kama sakafu itakavyopigwa. Vipake vanishi pia, kwa sababu vanishi hukoleza rangi. Vitazame asubuhi, mchana na usiku kwa taa ya nyumbani. Ukiwa kati ya rangi mbili, chagua iliyo nyepesi, kwani mbao itaendelea kukolea yenyewe. Usitandike zulia mapema. Chini ya zulia mbao itabaki nyeupe, nawe utakuwa umechora mraba sakafuni.

Sakafu ya zamani iliyopakwa nta haishiki vanishi. Ondoa nta kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbao usivirundike pembeni, maana vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Na unapopiga msasa funika pua na mdomo; vumbi la mvule, kwa mfano, huwasha ngozi na kifua.

Kununua bila kupungukiwa

Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina mita za mraba 10.8. Ubao wa sentimita 15 ukishachongwa ulimi na mfereji wa kushikana hufunika kama sentimita 13.5 tu. Gawanya sentimita 300 kwa 13.5, unapata mbao 23 za urefu wa mita 3.6. Ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya vipande na zenye kasoro: nunua 26. Nunua zote mara moja, kutoka rundo moja, maana mzigo wa mwezi ujao unaweza kutoka mti mwingine wenye rangi nyingine.

Na yule msikilizaji wetu? Alipima kipande kwa mzani kama tulivyomwelekeza, na kila wiki kilikuwa kinapungua. Mbao zilikuwa za msindano, mti laini, na tena mbichi. Tulimshauri azungumze na fundi kwa upole: mbao hizo zisitupwe, zikikauka zitafaa dari. Kwa sakafu ya mama, wanafamilia wamekubaliana kusubiri na kutafuta mbao ngumu zilizokauka.

Chumba kitachelewa kidogo. Lakini mama atakapotoka chumbani kwenda sebuleni usiku na mkongojo wake, hatakuta kitu cha kumkwaa mlangoni.

Ukiwa na swali la ujenzi wa nyumba yako, tutumie ujumbe wakati wa kipindi. Tutalisoma hewani.