Roland S-1: sauti utaitengeneza mwenyewe

Ukiitoa Roland S-1 kwenye boksi, atakayekuwa karibu atakuuliza sauti ya piano iko wapi, na staili za muziki ziko wapi. Hazimo. Vinanda vya kanisani na vya bendi za taarab huja na mamia ya sauti zilizo tayari. Mpigaji huchagua namba, akapiga. Sintesaiza hii, iliyotoka mwaka 2023, inakupa hasa malighafi: wimbi la mraba, wimbi la msumeno, oktavu za chini na mchakacho.

Imefuata nyayo za SH-101 ya Roland, mashine ya analogi ya mwaka 1982 iliyotoa noti moja tu kwa wakati. Hii mpya ni ya dijitali: inaiga mwenendo wa saketi zile, na kwa kuwa inatoa noti nne kwa pamoja, kodi zinapigika.

Utamu wake uko kwenye filta. Chukua wimbi la msumeno, kali kama nyuki waliochokozwa, kisha zungusha kitufe cha filta kuelekea kushoto. Masafa ya juu yanakatwa kidogo kidogo mpaka inabaki besi nzito. Ongeza rezonansi, na pale filta inapokatia panaanza kusikika mluzi. Sasa iagize filta ijifunge upesi kila noti inapoguswa: besi iliyokuwa ikivuma inageuka mdundo mfupi, tayari kwa biti.

Unaweza pia kuchora wimbi lako mwenyewe, au kubadili sauti kwa kuinamisha mashine. Hilo la pili naona ni mbwembwe.

Kero ni udogo. Ina uzito wa gramu 300 hivi, na kazi nyingi zimefichwa nyuma ya kitufe cha Shift. Kioo kinaonyesha herufi nne tu, kwa vifupisho vya kukisia. Weka kijitabu cha maelekezo karibu.

Betri ya ndani inakadiriwa kudumu saa nne na nusu, na huchajiwa kwa USB-C.

Anayetaka kinanda cha ibada aiache. Mtengeneza biti anayetaka kujua sauti inavyojengwa, ainunue, ila akumbuke adapta akitaka kuunganisha kibodi ya nje: matundu yake ya MIDI ni ya milimita 3.5, waya wa kawaida hauingii, na kibodi yenye USB pekee itahitaji kompyuta, au kifaa kinachofanya kazi yake, katikati.