Cherehani za enzi ya roketi: ipi ya kununua, ipi ya kutazama tu

Mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia, na mwaka huohuo Singer ilitoa kwenye maduka ya Marekani cherehani yenye uso uliochongoka kama pua ya roketi. Jina lake kamili ni Singer 500A Slant-O-Matic, lakini wakusanyaji wa mashine za zamani waliibandika jina la "Rocketeer", na leo ukiitafuta kwa jina hilo utaipata upesi zaidi kuliko kwa namba yake. Ni mashine nzuri kwelikweli. Kama ingekuwa na matairi, mtu angedhani ni gari.

Si ajabu, maana wachoraji wa mashine wa wakati ule walikuwa wakiangalia angani. Cadillac ya mwaka 1948 ilipewa mapezi nyuma kwa kuiga mkia wa ndege ya kivita ya P-38. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, mtindo huo ulizidi kushika kasi: redio, pasi, mashine za kufyonza vumbi, kila kitu kikataka kufanana na chombo cha kwenda mwezini. Sasa mtindo umerudi, na bei imerudi nao. Anayetaka cherehani ya sura hiyo ana njia tatu: anunue ya zamani yenyewe, anunue nakala ya Kijapani ya miaka hiyohiyo, au anunue mpya iliyovishwa nguo za kale. Njia hizi hazigharimu sawa, na bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama.

Tuanze na hiyo Rocketeer. Sindano yake imelala kidogo kumwelekea mshonaji, ili aione vizuri. Ndiyo maana ya lile neno "Slant". Haina mkanda wa mpira wa kukatika. Mota imefichwa ndani ya nguzo ya mashine na inasukuma gia moja kwa moja. Inashona mshono wa kawaida, zigizaga, na mapambo kadhaa kwa kugeuza kitufe au kuchomeka kisahani. Kwa fundi wa nyumbani hii ni karibu kila kitu. Huko Marekani nzima inayofanya kazi huuzwa mara nyingi kati ya dola 100 na 300, kutegemea kama ina visahani vyake, pedali yake na rangi isiyokwanguka.

Ubaya wake unaanzia kwenye soketi. Imeundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 110 hadi 120, na kwetu ukutani kuna 230 au 240. Ukiichomeka bila kufikiri, mota imekwisha. Transfoma ndogo ya kushusha umeme inatibu tatizo hilo, lakini ni gharama nyingine na ni chuma kingine cha kukanyagwa chini ya meza. Na kwa kuwa mota imejengwa ndani, huwezi kuivua na kufunga ya volti 220 inayouzwa mjini. Miguu ya kubana kitambaa nayo ni ya aina yake, mifupi na iliyolala, haiingiliani na ile inayoning'inizwa kwenye kila duka la spea. Sindano ni ya kawaida, hapo una nafuu. Bobini ni ile ya kulala inayotumiwa pia na Singer 66 na 99, kwa hiyo haikosekani, ila usiichanganye na bobini ya kusimama ya mashine nyingine; ukubwa unakaribiana na mtu asiyejua hushindana na uzi siku nzima.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usikubali "Singer ya zamani" bila kuuliza ni ya mwaka gani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Singer ilianza kutia gia za plastiki ndani ya mashine nyingi za nyumbani. Kwa nje bado zilikuwa na sura ya kesho, lakini plastiki ile hukauka kwa miaka na kupasuka, wakati mwingine hata kama mashine imekaa kabatini bila kuguswa. Muuzaji atakuambia kwa moyo safi kwamba ilikuwa ya mama yake na haijatumika sana. Huenda ni kweli, na bado gia imepasuka. Kati ya sura ya mwaka 1961 na sura ya mwaka 1968 jicho halioni tofauti kubwa. Bisibisi ndiyo inayoiona.

Sasa nakala za Kijapani, ambazo mimi naona ndizo zinazofaa kutazamwa kwa makini zaidi. Baada ya vita, Japani ilikuwa na viwanda vilivyojua kukata chuma na sasa havikuwa na silaha za kutengeneza. Juki, kwa mfano, ilianza mwaka 1938 kwa ajili ya bunduki, kisha ikageukia cherehani. Wajapani walikubaliana juu ya muundo mmoja uliofuata Singer 15, kiasi kwamba spea ya kiwanda kimoja iliingia kwenye mashine ya kiwanda kingine. Zikapakiwa melini kwenda Marekani kwa wingi, na kila mwenye duka huko alibandika jina alilolitaka. Ndiyo maana utakutana na majina ya ajabu, nembo za shaba zenye mabawa na nyota, na rangi za magari ya zama zile: bluu ya bahari, waridi, kijani cha mnanaa, nyingine rangi mbili kwa mpigo na ukanda wa kromu katikati. Ndani ni chuma juu ya chuma.

Mpenzi wa majina makubwa huzipita. Asiyejua jina hulipia kidogo, na hapo ndipo penye faida, kwa sababu ile Butterfly nyeusi ya Kichina inayokanyagwa barazani na mafundi wa kwetu imetoka katika ukoo huohuo wa Singer 15. Bobini yake, kasha la bobini, mguu na sindano, vyote vinapatikana Kariakoo bila kuagiza wala kusubiri. Mota imefungwa nje, nyuma ya mashine, kwa skrubu. Kama ni ya volti 110, unaivua na kufunga ya 220 bila kugusa kitu kingine. Na umeme ukikatika, kichwa kilekile cha rangi ya waridi kinaweza kukaa juu ya stendi ya kukanyaga, mkanda ukazungushwa kwenye gurudumu, kazi ikaendelea. Rocketeer, kwa urembo wake wote, umeme ukiondoka ni pambo.

Kasoro ya hizo nakala ni kwamba nyingi hushona mshono ulionyooka tu, mbele na nyuma. Kwa pindo za kanga, mapazia, sare za shule na suruali ya jinzi hiyo inatosha, tena jinzi inapita vizuri kuliko kwenye mashine nyingi mpya. Kwa matundu ya vifungo utahitaji kile kifaa cha kufunga kwenye mguu, au umpelekee jirani mwenye zigizaga. Zipo pia nakala za Kijapani zenye zigizaga, ila hizo haziko sawa zote kwa ndani, na ile faida ya spea za kila duka hupungua.

Za Ulaya nitazipitia haraka. Elna ya kwanza ilitoka Geneva mwaka 1940, ya kijani, nyepesi, na mkono wake uko wazi chini kwa ajili ya mikono ya mashati na miguu ya suruali. Sanduku lake la chuma hufunguka likawa meza. Kwa kubeba huku na huko ni raha, na nyingi ziliundwa kwa umeme wa Ulaya unaolingana na wetu. Lakini inasukumwa na kigurudumu cha mpira ambacho kikikaa miaka mahali pamoja hubonyea, na mashine hugongagonga kama baiskeli yenye rimu iliyopinda. Necchi Mirella ya Italia ilichorwa na Marcello Nizzoli, yuleyule wa taipureta ya Olivetti Lettera 22. Ilipata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1957 na imewekwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa mfuko wangu, hapana: spea zake utazisaka mwenyewe, na fundi wa mtaani ataifungua kwa udadisi zaidi kuliko kwa ujuzi.

Zipo na mpya zenye sura ya kale. Mwaka 2011, kwa kutimiza miaka 160, Singer ilitoa mashine iliyovishwa weusi na nakshi za dhahabu za enzi za bibi, lakini ndani ilikuwa na saketi za elektroniki. Anayetaka sura sebuleni na vitufe vya kisasa, hana haja ya kuona haya. Ajue tu kwamba amenunua mashine ya kisasa yenye maisha ya mashine ya kisasa: bodi yake ikiungua kwa umeme wa kupanda na kushuka, hakuna tupa wala mafuta vitakavyoifufua. Kwa pesa ya aina hiyo ningechukua mpya isiyojidai uzee, yenye fremu ya chuma ndani, nikaongeza kifaa cha kulinda umeme.

Kwenye hesabu, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme Rocketeer umeipata kwa dola 150, na mzigo wenye pedali na sanduku ni kilo 15. Msafirishaji akitoza dola 8 kwa kilo, usafiri ni 120. Weka transfoma 35. Umeshafika 305 kabla ya ushuru na kodi, na kabla fundi hajaigusa. Kichwa cha Kijapani ukikipata kwa 50, kwa uzito uleule usafiri ni 120 tena, mota mpya 25, jumla 195, na ukiwa na stendi nyumbani unaweza kuiacha hata hiyo mota. Badilisha tarakimu zangu kwa zako. Utaona kwamba kilo ndizo zinazokula, na kwamba kinachopatikana kwa watu wa mjini kwako, hata kikiuzwa ghali kidogo, mara nyingi kinashinda cha kuagiza. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa nje, zungukia mafundi wazee na uulize nani ana kichwa cha rangi kilichotupwa stoo.

Ukikipata kimekwama, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Matone ya mafuta ya taa kwenye viungo, subira ya usiku mmoja au miwili, kisha mafuta halisi ya cherehani, na gurudumu hulegea. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa. Kinachopaswa kukutia shaka ni kutu ndani ya nyumba ya bobini, waya wenye ganda linalomeguka ukilikunja, na gurudumu linalozunguka vizuri halafu likakwama palepale kila mzunguko. Hiyo ya mwisho kwa kawaida ni jino la gia.

Ukinunua kwa mbali, dai video: mkono ukizungusha gurudumu, kisha mota ikishona tabaka nne za jinzi, kisha upande wa chini wa mshono uoneshwe karibu. Na kabla ya kufungwa kwenye boksi, pedali iwekwe kando ya mashine na si juu yake, na gurudumu lizungushiwe sponji nene. Mashine nyingi za zamani huvunjika safarini zaidi kuliko mezani, na huanzia hapo kwenye gurudumu.