Kifuko Chote Kitoke

Mara nyingi wa kwanza kuugundua uvimbe wa kichwani ni kinyozi. Mashine inapita utosini, inagonga kinundu, na wakati mwingine inakichana. Kwa mama anayebeba ndoo za dagaa kutoka mwaloni Mwigobero, mjini Musoma, taarifa huletwa na ngata, maana panauma palepale kila siku. Hapo ndipo watu huanza kufikiria hospitali, pengine baada ya miaka ya kuambiwa kwamba kadude hako hakana shida, kaachwe.

Ushauri huo una ukweli wake. Vinundu vingi vya ngozi ya kichwa, uso na shingo si saratani, na vingine vyaweza kukaa na mtu maisha yake yote bila kumdhuru. Anayetaka chake kitolewe ana haki hiyo, kwa sababu ya maumivu, usaha unaorudi, au kuchoka kutazamwa. Ila anayekata lazima kwanza ajue anakata nini. Mkono uliozoea utautoa uvimbe mdogo kwa muda mfupi. Uamuzi unaotangulia ndio unaohitaji elimu.

Tuanze na kile kinachokutwa sana chini ya nywele, yaani kifuko. Kina ukuta wa seli zilizotokana na kinyweleo, na ndani kimejaa keratini, protini ileile inayojenga nywele na kucha. Ule utomvu mweupe wenye harufu unaotoka kikibanwa si usaha wala mafuta. Ni keratini iliyokosa njia ya kutoka. Ndiyo maana kukamua hakusaidii. Ukuta ukibaki, unaendelea kutengeneza keratini, na baada ya miezi uvimbe umerudi. Mbaya zaidi, ukipasukia ndani, mwili huishambulia keratini kama kitu kigeni, panavimba na kuwa pekundu, na upasuaji uliokuwa mwepesi unakuwa mgumu. Kifuko kilichotunga usaha hupasuliwa kwanza usaha utoke, kisha husubiriwa wiki kadhaa kidonda kitulie ndipo ukuta uondolewe.

Kikiwa kimetulia, kazi ni ya kupendeza kuitazama. Nywele hupunguzwa, ngozi husafishwa, sindano ya ganzi huingizwa pembeni mwa uvimbe. Dawa inayotumika sana ni lignokaini, na kipimo chake hufuata uzito wa mgonjwa: isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ikiwa peke yake, na hadi 7 ikichanganywa na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa, na kichwani hilo lina maana kubwa, kwa sababu mishipa ya damu ya huko imeshikwa na nyuzi ngumu zinazoizuia kujifunga ikikatwa. Ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Daktari mwenye subira husubiri dakika kadhaa adrenalini ifanye kazi ndipo ashike kisu. Kisha huchana ngozi tu, bila kuugusa ukuta, na kukitenga kifuko taratibu pande zote mpaka kiteleze na kutoka kizima kama kokwa ya fenesi. Nyuzi za kushonea za kichwani hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Za usoni mapema zaidi, kama siku 5, ili zisiache alama.

Uvimbe wa mafuta ni jambo jingine. Ni laini, unasogea ukiusukuma, na hupenda kisogoni na mabegani. Ule wa paji la uso hudanganya: unaonekana uko juujuu, kumbe mara nyingi umelala chini ya msuli.

Usoni na shingoni, milimita chache zina thamani. Tawi la neva linaloinua nyusi hupita juujuu karibu na kipaji. Jingine, linalovuta mdomo wa chini, hufuata ukingo wa taya. Ubavuni mwa shingo, chini kidogo ya ngozi, ipo neva ya msuli unaoinua bega. Mtu anaweza kuingia na kinundu cha ukubwa wa harage akatoka asiweze kuinua mkono vizuri. Kwa hiyo tabibu wa kituo cha afya anayemwambia mgonjwa wa shingo aende hospitali ya rufaa ya mkoa hamkwepi. Anamlinda.

Kuna pia uvimbe unaofanana na vinundu hivi ambao haufai kuguswa na kisu cha haraka. Uvimbe wa mtoto ulio katikati ya shingo, unaopanda anapotoa ulimi, ni mabaki ya njia iliyopitiwa na tezi ya shingo kabla hajazaliwa. Usipotolewa pamoja na kipande cha mfupa mdogo ulio juu ya koo, mara nyingi hurudi. Ulio kwenye shina la pua tangu kuzaliwa unaweza kuwa na njia inayofika kwenye ubongo. Tezi za kando ya shingo huenda ni kifua kikuu, ambacho dawa yake ni vidonge. Na uvimbe ulio chini ya sikio huenda si wa ngozi kabisa, bali wa tezi ya mate.

Mkoa wa Mara una sababu yake ya kuwa makini na taya la mtoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha kwa watoto wa Afrika. Ni saratani, inahusiana na kirusi cha Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, na hutibiwa kwa dawa, si kwa kukata. Mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria imo katika ukanda wake. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, eneo linalohudumiwa na hospitali ya Shirati, walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza ugonjwa huo. Taya la mtoto likivimba ndani ya siku au wiki chache, mzazi wa Butiama asimpeleke kwa mtu mwenye wembe. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Watu wenye ualbino nao wasiambiwe haraka kwamba ni kinundu tu. Kidonda au gamba gumu lisilopona sikioni, usoni au shingoni kwao laweza kuwa saratani inayoletwa na jua, na likitolewa mapema hupona.

Kisha kuna kovu. Wapo ambao ngozi yao hujibu jeraha kwa keloidi, hasa masikioni baada ya kutogwa, tayani, na kisogoni panapoota vipele vya kunyolewa. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine hurudi kwa wengi, na mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza. Kwa hiyo huunganishwa na sindano za steroidi au mionzi. Mwenye kovu la namna hiyo mwilini amwambie daktari kabla ya ganzi. Huenda jibu la busara kwa kinundu kisicho na madhara likawa kukiacha.

Huduma zimesogea. Musoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, ambayo majengo yake yalikaa miaka mingi bila kukamilika. Tangu 2024, kampeni ya Madaktari Bingwa wa Rais Samia imekuwa ikiwafikisha mabingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache chache. Ni jambo jema, ila linaacha kazi nyuma yake: bingwa ameshaondoka, nani anapokea majibu? Kinachotolewa mwilini, hata kikionekana hakina neno, kinafaa kuwekwa kwenye formalini na kupimwa na mtaalamu wa patholojia. Kwa mgonjwa wa Bunda au Musoma, hilo mara nyingi lina maana ya kinyama kusafiri hadi Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyo kilomita zipatazo 220 kutoka Musoma. Macho na vidole vya daktari hukosea. Hadubini hukosea mara chache zaidi.

Basi ukitolewa uvimbe, usiondoke na bendeji tu. Uliza kinyama chako kimepelekwa wapi, majibu yatatoka lini, na utampigia nani. Andika jina lake.