Ruzuku ya Urithi: Ipi Nafuu, Ipi Ghali

Chukua kikundi cha wazee na vijana katika mji wowote wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mikindani. Wana nyumba ya mawe ya zamani iliyoachwa na ukoo fulani, makabati mawili ya vitabu na hati zilizoandikwa kwa mkono, kasha la kanda za taarabu, na nia ya kuigeuza nyumba hiyo kuwa makumbusho madogo ya mji. Orodha ya mahitaji yao naweza kuiandika bila kuwauliza: paa lizibwe, kuta zitengenezwe, rafu, kamera ya kunakili hati, kompyuta, mashine ya kupunguza unyevu, na mtu wa kufungua mlango kila asubuhi. Kinachobaki ni kuamua waombe wapi, na hapo wengi humkimbilia mfadhili mwenye kiasi kikubwa kuliko wote. Mimi ningeanza kwa kusoma ukurasa wa mambo ambayo mfadhili hayalipii. Ruzuku ni bidhaa kama nyingine: ina bei, isipokuwa bei yake hulipwa kwa muda, kwa masharti, na kwa gharama zinazobaki mfadhili akishaondoka.

Tuanze na mkubwa aliyezoeleka, Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001. Miongoni mwa kazi zake katika ukanda wetu ni magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014. Kazi zenye gharama chini ya dola 10,000 haziangalii. Juu ya hapo, fedha zake zinaweza kutengeneza paa na kuta kwa namna ambayo michango ya harusi na harambee haiwezi.

Sasa weka orodha ya kikundi chetu kando ya masharti yake. Jengo jipya au hata nyongeza ya chumba, hapana. Maonyesho mapya, hapana. Kununua vitu vya kuweka kwenye makumbusho, hapana. Kunakili hati peke yake bila kazi kubwa zaidi ya kuzihifadhi, hapana. Akiba ya dharura, hapana. Na sharti linalowakwamisha watu wengi wa pwani ni kwamba mfuko haulipii mali ya mtu binafsi. Nyumba nyingi za mawe ni za ukoo au za wakfu, na kwa za ukoo utakuta warithi ishirini, wanane kati yao wakiwa Muscat au Dubai na hakuna aliyewahi kuandikishana na mwenzake. Kabla ya kuandika hata sentensi moja ya andiko la mradi, kikundi kinapaswa kujua nyumba ni ya nani kwa karatasi. Kazi hiyo huweza kula mwaka mzima, na hakuna mfadhili anayeilipia.

Kuna bei nyingine ndogo lakini yenye kuudhi. Anayeomba fedha za serikali ya Marekani hutakiwa kujisajili katika mfumo wao na kupata namba ya utambulisho. Usajili ni bure kabisa, lakini ukishaanza utaona barua pepe zinazodai malipo ya kukukamilishia, zifute. Jina la kikundi kwenye cheti cha usajili, kwenye akaunti ya benki na kwenye fomu liwe lilelile hadi nukta, maana “Kikundi cha Urithi” na “Kikundi cha Urithi na Maendeleo” kwao ni vikundi viwili. Tena tangu Januari 2025, serikali ya Marekani ilipositisha na kupitia upya misaada yake ya nje, si busara kupanga mwaka mzima juu ya mfuko huu bila kwanza kuuliza ubalozini kama dirisha litafunguliwa.

Waingereza wana Mfuko wa Kulinda Utamaduni, unaoendeshwa na British Council tangu 2016. Ulianza Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, kisha ukafika Afrika Mashariki, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Shabaha yake ni urithi unaotishiwa na vita au mabadiliko ya tabianchi. Kama nyumba yenu iko mita chache kutoka maji yanapojaa, na bahari inamega ukuta kama inavyofanya kwenye Gereza la Kilwa, mna hoja. Kama tatizo ni paa lililooza kwa kukosa matunzo, msilazimishe bahari iingie kwenye andiko. Wasomaji wa maombi wameshaona mafuriko mengi ya kwenye karatasi.

Kwa mfuko wowote unaolipia majengo, kalenda ndiyo inayogharimu kuliko fedha. Kuta za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zikishikiliwa na boriti za mikoko. Saruji hufaa kwa haraka, lakini ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache plasta inadondoka ikiondoka na uso wa jiwe. Chokaa ndiyo sahihi, nayo haina haraka: hulowekwa, huachwa majuma au miezi hadi iive na kuwa laini kama siagi, kisha hupakwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka lingoje lililotangulia. Sasa fikiria ruzuku ya miezi kumi na miwili ambayo fedha yake ya kwanza imefika mwezi wa nne, masika yameanza. Fundi atasukumwa arudi kwenye saruji ili ripoti iende kwa wakati. Kwa hiyo ruzuku ndogo ya miaka miwili, kwa kazi ya chokaa, ni bora kuliko kubwa ya mwaka mmoja. Na kibali kiwe mkononi kabla ya yote: Unguja ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, Kenya ni Makumbusho ya Taifa chini ya sheria ya mwaka 2006, Tanzania Bara ni wenye dhamana ya mambo ya kale.

Kwa makabati yale mawili na kasha la kanda, soko ni jingine, na hapa mnunuzi mdogo ana nafuu kubwa. Programu mbili zinafanana kama pacha kwa sababu zimelelewa na mfadhili mmoja, shirika la hisani la Arcadia. Ya kwanza ni ya Maktaba ya Uingereza, ya nyaraka zilizo hatarini kupotea, iliyoanza 2004. Ya pili iko maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, tangu 2018. Tofauti kubwa ni umri wa vitu. London wanataka vya zamani, kwa kawaida vya kabla ya katikati ya karne ya 20; UCLA wanataka vya karne ya 20 na 21. Hati zenu za fikihi na mashairi kwa herufi za Kiarabu ziende London. Kanda za taarabu, picha za studio na magazeti ya chama yaende UCLA. Ombi moja lililochanganya vyote viwili litakataliwa kotekote.

London wana ruzuku ya majaribio ya hadi paundi 15,000, kisha zipo kubwa zaidi. UCLA walianza na dola 15,000 kwa kupanga na hadi 50,000 kwa mradi kamili. Hazilipi paa. Lakini vifaa vinanunuliwa, vitu asilia haviondoki nchini, na kwa mradi wa London vifaa hubaki kwa taasisi mwenyeji kazi ikiisha. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilinakiliwa kwa njia hii na sasa mtu aliye Mombasa au Oslo anaweza kuzisoma. Bei yake nayo ni hiyohiyo: vitu vyenu vitasomwa na dunia nzima bure. Mkae na wenye hati kwanza. Kuna familia yenye kitabu cha dawa na azima ambayo haitaki kurasa fulani zionekane, na ni haki yake. Ni bora iseme kabla ya mkataba.

Kwenye ununuzi wa vifaa ndipo ninapoona fedha ikipotea bure. Duka litawashawishi kununua skana ya mezani kwa sababu ni rahisi kuitumia. Msikubali kwa vitabu. Skana inalazimisha kitabu kifunuliwe wazi kabisa na kukandamizwa, na uti wa kitabu cha miaka mia na hamsini utavunjika kabla hamjafika katikati. Kamera iliyofungwa kwenye stendi, ikitazama chini, taa mbili pembeni na kitabu kikilala kwenye mto wa pembe, ndiyo yenye heshima kwa karatasi. Halafu pigeni hesabu ya mahali pa kuhifadhi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya aina ya TIFF yenye ukubwa wa karibu megabaiti 72. Kurasa 5,000 ni gigabaiti 360. Mkiweka nakala tatu, kama inavyotakiwa, mmevuka terabaiti moja. Bado ni diski tatu tu za kubebeka, jambo dogo katika bajeti. Ghali ni mkono wa mtu: akipiga kurasa 150 kwa siku bila kuzichana, 5,000 ni kama siku 34 za kazi, na bado hajaandika orodha ya nini kimo wapi. Maandiko mengi hutenga fungu nono kwa kamera na kuweka posho ya wiki mbili kwa mpigaji. Geuzeni.

Mashine ya kupunguza unyevu nayo ina hesabu yake ambayo haimo kwenye ankara ya dukani. Yenye wati 500, ikifanya kazi saa 12 kwa siku, hula uniti 6. Kwa mwezi ni 180. Mteja wa kawaida wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, hulipa karibu shilingi 360 kwa uniti, basi ni kama shilingi 65,000 kila mwezi, yaani karibu 780,000 kwa mwaka. Mfadhili atanunua mashine. Umeme wa mwaka wa pili ni wenu. Kama kikundi hakina chanzo cha fedha hiyo, nunueni vipimo vya unyevu, masanduku ya karatasi isiyo na asidi, na rafu za chuma zilizosogezwa mbali na ukuta. Havichomekwi popote.

Gharama za uendeshaji ndizo zilizowahi kuitikisa hata taasisi yenye jina. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002 na kusomesha udi, kanuni na ngoma katika Jumba la Forodha la zamani, mwaka 2019 kilitangaza kuwa huenda kikafunga milango kwa sababu wafadhili wakubwa walikuwa wamefika mwisho wa ahadi zao. Ala zilikuwepo, wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mishahara.

UNESCO ina milango kadhaa, na yote hupitia serikalini. Kwa urithi usioshikika, ngoma, ufundi, mapishi, nchi mwanachama inaweza kuomba hadi dola 100,000 wakati wowote wa mwaka. Zaidi ya hapo kuna tarehe ya mwisho, 31 Machi. Msidharau kiasi kidogo. Uganda ilipata msaada wa chini ya dola 25,000 kwa ajili ya bigwala, tarumbeta za vibuyu za Basoga zilizokuwa zimebakiwa na wapigaji wachache wazee. Vifaa vya muziki huo havinunuliwi popote. Vibuyu hupandwa, huvunwa na kukatwa, kisha huunganishwa. Ruzuku iliyokubali kulipia mbegu na shamba ilielewa kazi. Bei ya mlango huu ni foleni: barua kwa afisa utamaduni wa wilaya, kisha wizara, kisha tume ya taifa ya UNESCO, na kila ofisi ina mtu aliye semina. Paa linalovuja lisingoje huko.

Fedha za nyumbani nazo tuzitaje kwa uaminifu. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo. Kwa kina mama wanaosuka mikeka na kofia za kuuzwa mlangoni mwa makumbusho, sawa. Kwa rafu za hati, ambazo hazizalishi senti, mtakuwa mnadaiwa kwa ajili ya karatasi.

Mambo mawili ya shilingi kabla hamjasaini. Ankara ya bei isome vizuri kama imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya; pengo hilo peke yake linatosha kuondoa kompyuta moja kwenye orodha. La pili ni thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Aliyepanga bajeti ya dola 10,000 Januari na kupokea fedha Juni alikuta shilingi laki tatu zimeyeyuka bila mtu kuiba. Ombeni ruhusa ya kuhamisha fedha kati ya mafungu, kwa maandishi, ndani ya mkataba wenyewe.

Kwa kikundi chetu cha makabati mawili, chaguo langu ni hili. Mwaka wa kwanza, ombi la majaribio kwa London kwa ajili ya hati peke yake, huku warithi wakikusanya saini za nyumba. Kanda ziende UCLA mwaka unaofuata, na mtu yuleyule aliyejifunza kupiga hati azisimamie. Paa lizibwe sasa kwa mchango wa mji, hata kwa mabati na makuti, maana hakuna mfadhili atakayeijua mvua ya mwezi ujao. Ombi kubwa la kuta liandikwe mwisho, hati ya nyumba ikishapatikana na mkiwa mmeshamaliza ripoti mbili za fedha bila swali la mkaguzi. Mweka hazina aanze leo kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata kwa misumari.