Daftari Moja, Watunzaji Wawili

Zamani daftari la kikundi lilikaa kwa mweka hazina, ndani ya sanduku, na aliyetaka kuona hesabu alikwenda huko. Siku hizi mweka hazina yuko kijijini, katibu amepata kazi Nairobi, na hesabu ziko kwenye simu. Basi wanatumiana faili kwa WhatsApp. Ni rahisi, lakini tazameni linaloweza kutokea.

Tuseme Ijumaa mweka hazina anamtumia katibu faili inayoonyesha shilingi 38,600. Katibu anaona mchango wa 4,500 umeandikwa 5,400. Anasahihisha, na faili yake sasa inasema 37,700. Jumamosi mama mmoja analipa 1,200 za mkopo wake. Mweka hazina anaziandika kwenye faili iliyobaki kwake, nayo inasema 39,800. Siku ya mkutano kuna hesabu mbili, na wanachama wanauliza: hizo 2,100 zimekwenda wapi? Hakuna aliyeiba. Jumla ya kweli ni 38,900, na haimo katika faili yoyote kati ya hizo mbili. Lakini nenda ukawaeleze hivyo watu ambao wameshaanza kunong'onezana!

Kwa hiyo acheni kutumiana nakala. Faili iwe moja, ikae mahali pamoja kwenye intaneti, na kila anayehusika aifungue hapo hapo. Google Sheets ni programu moja ya namna hiyo. Haina malipo, ila bando tu, na inafanya kazi kwenye simu. Mmoja akiandika, mwingine anaona.

Sasa, nani afunguliwe mlango? Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Kuna njia ya kuruhusu yeyote mwenye linki aingie. Msiitumie. Linki hupitishwa kutoka simu hadi simu, na madeni na nambari za vitambulisho vya wanachama si habari za soko. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019. Andikeni barua pepe ya kila mtu mmoja mmoja, kisha mchague: huyu aweze kuandika, yule atazame tu. Kwa maoni yetu mweka hazina na katibu waandike, mwenyekiti na wakaguzi watazame.

Wengine husema, mbona tusitumie akaunti moja na neno la siri moja sote? Programu huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, na saa ngapi. Mkiingia wote kwa jina moja, kumbukumbu hiyo haiwezi kumwonyesha aliyebadilisha. Kila mtu awe na akaunti yake, na awashe ule ulinzi wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri simu nayo ithibitishe kuwa ni yeye. Ikiletwa nambari kwa ujumbe, asimwambie mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Mkitumia kompyuta ya saiba, ondokeni kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na mfute faili yoyote mliyoipakua.

Kila mwezi linganisheni jumla na taarifa ya benki au ya M-Pesa, muinakili kwenye daftari la karatasi, na wawili watie sahihi. Na ofisa akiondoka, jina lake litolewe kwenye faili siku ile ile anayorudisha muhuri.